Shemeji Anatafuta Ubovu Usiokuwepo

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada naomba univumilie mwandiko, mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu, shule niliishia darasa la saba na baada ya hapo nilichosoma sana ni vibao vya barabarani, lakini ukurasa wako naujua vizuri kwa sababu kila Jumapili asubuhi mke wangu anavaa miwani yake ananisomea kwa sauti tukiwa tunakunywa chai, na tumeshacheka sana matatizo ya watu pale mezani, sasa leo na mimi nimeleta la kwangu na silioni la kuchekesha hata kidogo.

Mimi ni mtu mzima, nimevuka hamsini, nina mke na watoto wanne, na kazi yangu ni dereva wa basi la timu ya mpira, jina la timu nilikuwa nimeliandika hapa nikalikata, utaona hiyo alama ya wino. Kabla ya kuwa dereva wao nilikuwa shabiki wao, na kabla ya kuwa shabiki nilikuwa mtoto wa shabiki, kwetu baba akirudi uwanjani tulikuwa tunasikiliza anavyofunga mlango ndipo tunajua kama leo tutaongea au tutakula kimya. Kwa hiyo siku nilipokabidhiwa ufunguo wa lile basi niliona dunia nzima imenikumbuka, nililiosha mwenyewe nje na ndani, hadi leo siwaachii vijana wa kuosha magari walishike.

Sasa kuna utaratibu wangu ambao hakuna aliyenipa, nilijiwekea mwenyewe. Tukishinda nyumbani natoka na timu kwa geti kubwa, napiga honi, mashabiki wanagonga ubavu wa basi kwa furaha, wachezaji wanatoa vichwa madirishani. Tukifungwa natoka kwa nyuma, kuna geti dogo pembeni ya chumba wanapofulia jezi, tunaliita geti la kufulia, napita hapo taratibu na redio nimezima, watu waliokasirika wakiwa bado wanasubiri kule mbele sisi tumeshafika barabarani. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilikuwa namwambia mke wangu kwamba kocha anawalinda kwa mbinu na mimi nawalinda kwa geti.

Msimu huu mshauri tumeanza vibaya mno. Msimu uliopita tulimaliza wa tatu, watu wakawa na matumaini, wakasajiliwa vijana wapya, picha zikapigwa, halafu ligi ikaanza tukafungwa, tukafungwa tena, tukapata sare moja ya kubahatisha, tukafungwa nyingine mbili, tukawa mkiani kabisa, jina letu ukilitafuta kwenye msimamo inabidi ushuke mpaka chini kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nyumbani nikawa sisemeshwi. Nikawa nagombana na watoto kwa sababu ya taa, kwa sababu ya maji, kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.

Kwenye basi pembeni yangu anakaa mtunza vifaa wa timu, ni mzee anayekaribia sabini, wachezaji wanamwita Mzee Soksi kwa sababu basi haliondoki mpaka amehesabu soksi zote, ikipungua moja kila mtu anashuka anafungua begi lake, hata nahodha. Yule mzee ameziona timu nyingi zikipanda na kushuka, na kila tukifungwa anaweka lile furushi la soksi mapajani ananiambia neno lile lile, dereva, msimu bado mbichi. Siku moja nimechoka nikamjibu mbichi gani, mbona unanuka, akasema kinachonuka ni hizi soksi, msimu uache. Nilicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka na yeye.

Tulipotoka kufungwa ule mchezo wa tano, ulikuwa wa ugenini, njia ndefu, basi zima limenyamaza, nikaangalia kile kioo changu cha ndani nikamwona winga wetu mpya kakaa kiti cha nyuma anacheka na simu yake. Anacheka kabisa, meno yote nje. Kilometa zote zile nilikuwa namwangalia yeye kuliko barabara, nikisema moyoni sisi tunaumwa, yeye anacheka, hawa hawajui wamevaa jezi ya nani, hawa hawajawahi kuambiwa ukweli usoni, na anayewafichia huo ukweli ni mimi na geti langu la kufulia. Baadaye sana nikaja kusikia kwamba siku hiyo mke wake alikuwa amejifungua na yeye alikuwa anatumiwa picha za mtoto. Lakini mimi nilikuwa nimeshahukumu.

Wiki hiyo hiyo nikakutana na mwenyekiti wa tawi la mashabiki pale kwenye kibanda cha chai karibu na gereji, tunamwita Kipaza kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Akaanza kulalamika kwamba wachezaji wanawakimbia, kwamba wao mashabiki wanataka dakika chache tu wawaambie la moyoni, hakuna fujo, ni maneno tu. Nikamwambia tukifungwa huwa natoka nyuma, kwa geti la kufulia. Akaniuliza basi si mtapita tu kama upepo. Nikakoroga chai yangu nikamwambia, gari ni chuma, linaweza kuzima popote. Akaniangalia, nikamwangalia, akalipa chai zote mbili. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema mshauri, sijaongeza wala sijapunguza.

Mchezo wa sita tulikuwa nyumbani na tukafungwa tena. Wachezaji wakapanda vichwa chini, Mzee Soksi akahesabu soksi zake zikatimia, nikatoa basi kwa nyuma. Pale nje ya geti la kufulia Kipaza na wenzake walikuwa wamejipanga pande zote mbili, hawakuwa wengi, Mzee Soksi akaniambia pita polepole tu dereva, watasema watatulia. Nikakanyaga klachi, nikarudisha ufunguo, basi likanyamaza katikati yao. Kocha akauliza kutoka nyuma vipi dereva, nikasema limezima kocha. Halafu nikaanza kuigiza, nazungusha ufunguo nusu tu, zile taa za dashibodi zinawaka na kuzima, napiga usukani kwa kiganja, natikisa kichwa kama mtu aliyesalitiwa na gari lake. Mshauri nilikuwa naigiza vizuri sana. Na ndani ya moyo, nisidanganye, nilikuwa nafurahia, niliwaona kwenye kioo wale vijana wamejikunyata, winga kaziba masikio, nikasema moyoni leo mtasikia.

Kwanza yalikuwa maneno kweli. Lakini wale waliokuwa wanasubiri geti kubwa wakasikia kelele wakazunguka mbio, na hao hawakuwa na makubaliano na mtu, ngumi zikaanza kugonga bati, basi likawa linayumba. Hapo ningewasha. Nilikuwa na ufunguo mkononi na ningeweza kuwasha. Nikasema moyoni kidogo tu, waache kidogo tu. Mzee Soksi akasimama, akafungua dirisha la upande wake, akatoa kichwa akawaambia wanangu, wanangu, hawa ni watoto wenu, msimu bado mbichi. Ikaja chupa ya soda, ya kioo. Mkono uliorusha sikuuona. Mzee hakupiga kelele, alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akaegemea lile furushi la soksi na kiganja kimefunika jicho, na soksi nyeupe zikaanza kubadilika rangi.

Nikazungusha ufunguo wote, basi likaitika mara moja, wala halikusita, nikapeleka moja kwa moja hospitali. Jicho la kushoto daktari alisema halitaona tena.

Sasa sikiliza lililonileta kwako. Uongozi uliitisha kikao, katibu wa klabu akauliza kwa nini basi lilizima mahali pale, nikainua mabega nikasema magari ndivyo yalivyo. Sikulifikiria lile jibu litamwangukia nani. Likamwangukia fundi. Na fundi wa basi lile ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu wa tumbo moja, mimi ndiye niliyempeleka pale klabuni, nikamsifu mbele ya katibu huyo huyo kwamba kijana huyu injini anaisikia kama daktari anavyosikia kifua. Katibu alimwambia mbele ya watu wote kwamba uzembe wako umemtoa mzee wa watu jicho, akapewa mpaka mwisho wa mwezi aseme basi lina ubovu gani, akishindwa aache ufunguo wa gereji aende.

Siku ya pili shemeji alinifuata, nywele zina vumbi la chini ya gari, akaniuliza kwa heshima kama kawaida yake, akasema, "Shemeji, nisaidie kitu kimoja. Siku ile lilikohoa kabla ya kuzima, au lilizima tu?"

Nikasema, "Lilikohoa."

Mshauri sijui kwa nini nilisema vile. Neno lilitoka lenyewe. Tangu siku hiyo shemeji anatafuta hicho kikohozi. Ameshusha tangi la mafuta akalisafisha, amebadilisha chujio, amefungua pampu, amefuatilia nyaya moja moja kutoka betri mpaka starta, analiwasha linaunguruma vizuri, analizima, analiwasha tena, anatega sikio, halikohoi. Mke wangu ananipa bakuli la chakula nimpelekee mdogo wake, nafika gereji naona miguu miwili tu imetokeza chini ya basi, naweka bakuli kwenye bampa nasema shemeji chakula, ile miguu inanijibu asante shemeji, nakuja. Haiji. Juzi alikuja nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango, akamwambia dada yake kwamba anadhani mkono wake umekufa, kwamba labda hakuwahi kuijua kazi hii, alikuwa anabahatisha tu miaka yote. Mke wangu akamshika kichwa. Mimi nilikuwa ndani ya mlango nimeshika kikombe.

Mzee Soksi nimemtembelea mara moja tu. Bandeji imefunika nusu ya uso, akaniuliza matokeo, nikamwambia sare, akasema unaona, tumeanza kuokota pointi. Halafu akasema, "Gari liliwaka vizuri sana siku ile, dereva. Mara moja tu." Nikamwambia ndiyo mzee, bahati. Akasema ndiyo, bahati, akageukia ukutani. Sijarudi tena.

Mpango wangu ni huu, naomba uniambie kama ni mbaya. Nimejiwekea kwamba nitasema ukweli timu ikishinda. Mchezo mmoja tu, watu wakiwa na furaha, katibu anatabasamu, mioyo imelainika, nitaingia ofisini niseme. Lakini timu haishindi. Baada ya ile sare tumefungwa tena. Naegesha basi nyuma ya jukwaa nasikiliza mchezo nikiwa kwenye kiti changu, tukifungwa bao nakasirika, halafu nashtuka kwamba sikukasirika kwa ajili ya timu, nimekasirika kwa sababu siku yangu ya kusema imesogea mbele. Na nikikaa vizuri na nafsi yangu nasikia pia unafuu kidogo kwamba imesogea. Ile timu niliyoipenda tangu niko mgongoni kwa baba yangu sasa naiombea ushindi kwa ajili ya shida yangu, na siku nyingine siiombei kabisa.

Nina mawazo mengine, kwamba niache kazi, niseme mgongo unauma, niondoke kimya, labda nikiondoka mimi na maneno ya basi yataisha na shemeji ataachwa. Naomba uniambie nisubiri ushindi au niondoke kimya, na moyo wangu kwa timu hii nitaurudishaje, maana nimekuwa mtu wa kuamka asubuhi nikiwa nimeshafungwa.

Ni mimi dereva, jina nimelificha, namba ya simu iko nyuma ya bahasha.

JIBU

Kaka dereva, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Pole nakupa moja, na nakupa hapa mwanzoni ili usije ukaitafuta huko mbele. Pole, kwa sababu unaipenda hiyo timu kweli, na kuiona inazama wiki baada ya wiki ni maumivu, hata kama sisi wengine tunapita sebuleni tunauliza kwani wale wa jezi nyeupe ni wepi. Mpira mimi siujui, mume wangu anaujua kwa niaba ya nyumba nzima. Lakini kusubiri nakujua, na uongo nauona ukija kutoka mbali.

Tuanze na huo mpango wako. Michezo sita tu ya kuisubiri timu ilikushinda, ukaona ni mingi mno, ukawakabidhi vijana kwa watu wenye hasira. Sasa unataka shemeji yako akusubiri wewe. Alale chini ya gari, ameze vumbi, adharauliwe na katibu, aamini mkono wake umekufa, mpaka winga afunge bao ndipo wewe ujisikie vizuri kusema. Na winga asipofunga? Umemtwisha yule kijana mzigo wako pia, huyo uliyemhukumu kwa kucheka siku mtoto wake alipozaliwa. Hivi kaka, katika watu wote wa barua yako, kuna hata mmoja ambaye hajabebeshwa kitu chako?

Na hilo la mgongo kuuma, futa. Ukiondoka kimya, basi litabaki na sifa ya kuzima, na fundi atabaki na sifa ya kushindwa. Atakwenda gereji nyingine akiwa anaiogopa kila injini. Klachi, ufunguo nusu, taa za dashibodi, hayo yote nakubali yalitoka kwenye hasira, na hasira inaweza kumpata mtu yeyote. Lakini lile neno "lilikohoa" hukulisema kwa hasira. Ulikuwa umetulia, umesimama chini, kijana kakuuliza kwa heshima, ukampa ugonjwa wa uongo akautafute. Kama kuna kitu kimoja cha kukunyima usingizi, acha kiwe hicho. Chupa ilirushwa na mkono mwingine, na aliyeirusha ana lake la kujibu. Kikohozi ulikirusha wewe.

Halafu unadhani hakuna anayejua. Mzee Soksi anajua. Alikuwa kakaa pembeni yako, alisikia gari likiwaka kwa mzunguko mmoja, na akakwambia hivyo akiwa na bandeji usoni ili akupe mlango wa kuingilia. Wewe ukasema bahati. Akageukia ukutani, na mpaka leo hajamwambia katibu. Unauliza kama usubiri ushindi, kaka, na anayekusubiri umemwacha hospitali.

Kuhusu moyo wako na timu nitasema kidogo, maana si ugonjwa mkubwa. Kuivumilia timu si lazima unyamaze. Ukitaka kuzomea, nunua tiketi, kaa jukwaani, zomea mpaka sauti ikauke, wachezaji ni watu wazima na mshahara wanapokea. Lakini ukishika usukani umeshika roho za watu, hapo ushabiki unauacha nje pamoja na viatu vyenye matope. Timu itashuka daraja au haitashuka, hilo haliko kwenye ufunguo wako. Kwa sasa acha kuiombea ushindi, na kuipenda pia pumzika kidogo. Utaipenda tena siku utakayosikiliza mchezo ukiwa huna unachokisubiri.

Sasa kuna jambo ulidhani sitaliona. Umeniandikia kwamba mke wako anakusomea ukurasa huu kila Jumapili kwa sauti. Ulijua atausoma na huu. Ulijua hakuna basi lingine lililozima nyuma ya chumba cha kufulia, na hakuna dereva mwingine mwenye shemeji chini ya gari. Ulitaka asome, akutazame juu ya miwani, na wewe uwe umesema bila kufungua mdomo. Hapana. Mimi si mdomo wako. Ndiyo maana jibu hili limefika kwenye simu yako siku ya Jumatano, na gazeti linatoka Jumapili. Katikati hapo una muda wa kutosha kwa mtu mwenye miguu.

Fanya hivi. Mwambie mke wako kwanza, ukiwa umekaa naye, bila kikombe mkononi. Usianze na timu, usianze na msimamo wa ligi, usianze na baba yako. Anza na "nililizima mwenyewe." Atakayosema yapokee, na akinyamaza unyamaze naye, ni mdogo wake. Kisha nenda gereji. Kisha wewe na shemeji yako muende pamoja kwa katibu, wewe ukiwa ndiye unayeongea, ukaseme na habari za Kipaza na chai mliyokunywa, ili wanaotakiwa kumtafuta mrusha chupa wajue pa kuanzia. Utafukuzwa? Naona hivyo. Na ningekuwa katibu ningekufukuza. Toa ufunguo mwenyewe, uweke mezani kabla hujaombwa, na useme mbele ya wale wale waliosikia akidharauliwa kwamba fundi hana kosa. Msamaha omba, lakini usiudai, na usimwekee mtu tarehe ya kuutoa.

Ukimaliza hapo nenda kwa Mzee Soksi. Huhitaji maneno mengi, mwambie halikuwa bahati. Halafu muulize nani anahesabu soksi siku hizi. Kama hakuna, hesabu wewe mpaka apone. Soksi hazihitaji leseni.

Na kama Jumapili imefika, na maneno haya unayasikia kwa sauti ya mke wako, chai iko mezani, na bado hujasema, basi najua amefika hapa na sauti yake imebadilika. Usimwache amalizie. Mwambie aweke gazeti chini, umwambie mwenyewe hayo machache yaliyobaki. Halafu vaa viatu uende gereji, mwite shemeji yako kwa sauti, na usiseme na miguu yake tena. Msubiri atoke mpaka umwone uso, ndipo umwambie gari ni zima, tangu siku ile lilikuwa zima.